Dhahabu Hewa, Pamba Hewa
Hotuba iliyotolewa Jumamosi katika Bustani ya Jeevanjee, Nairobi

Hamjambo wote? Hamjambo tena?

Asanteni. Wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule chini ya mti, sogeeni karibu. Magari ya Moi Avenue yana kelele leo, na mimi ninataka kila mmoja asikie.

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile, nikisikiliza mjadala. Kijana mmoja wa chuo kikuu alisema tatizo letu ni ubepari, na mali ya binafsi ndiyo mzizi wa ufisadi. Iondoe, alisema, kila kitu kiwe cha umma, na wizi utakosa mahali pa kujishikiza. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba akamjibu: "Mwanangu, mimi nina kibanda cha mabati, futi sita kwa nane. Hicho nacho unakitaka?" Watu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani na maneno ya wote wawili, na usiku ule usingizi haukuja haraka. Kijana alikuwa na hasira ya haki. Mama alikuwa na hofu ya haki. Wamenileta hapa mbele yenu.

Nimekuwa mpima ardhi kwa miaka 34. Nimeona mali ya umma ikigeuka ya binafsi mbele ya macho yangu, na mara moja iligeuka kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo nitalifikia.

Tuanze na hapa tulipokalia. Bustani hii haikutolewa na serikali. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyekuwa mkandarasi wa reli ya Uganda, aliitengeneza akawapa watu wa mji. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapa jumba la maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama kuupinga alikuwa mjukuu wa yule mzee, Zarina Patel, na wakazi wakasimama naye, ndiyo maana leo tuna nyasi za kukalia. Litazameni jambo hili polepole. Tajiri, mtu binafsi, alitoa mali yake ikawa ya wote. Waliokabidhiwa ulinzi wake kwa niaba ya wote ndio walioacha mlango wazi. Ungeuliza mwaka ule bustani ni ya nani, karatasi zingejibu: ya umma. Karatasi peke yake isingeiokoa.

Kwa hiyo, kijana wangu, uliposema kila kitu kiwe cha umma, mimi nilitaka kukuuliza: chini ya mkono wa nani?

Tumewahi kuwa na waraka wenye jina la ujamaa hapa Kenya. Wengi wenu hamkufundishwa. Mwaka 1965 serikali yetu changa ilichapisha Waraka wa Kikao Nambari 10, ukazungumzia Ujamaa wa Kiafrika, na Tom Mboya ndiye aliyeutetea kwa nguvu. Jina lilikuwa ujamaa. Ndani yake mali ya binafsi ililindwa, na pesa za maendeleo zikaelekezwa pale ambapo zingezaa haraka: penye udongo mzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walioonekana kuwa tayari kupokea maendeleo. Maana yake Turkana na Mandera wasubiri. Walisubiri miaka 45, mpaka Katiba ya 2010 ilipowawekea Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka.

Na wakati waraka ule unaandikwa, mashamba ya walowezi yalikuwa tayari yanabadilisha wenyewe. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962 kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia. Mwafrika alikopa pesa kununua ardhi ambayo babu yake hakuiuza. Mwenye mshahara na jamaa ofisini alipata shamba kubwa. Aliyetoka kizuizini mikono mitupu alipata kipande, au hakupata. Mkitafuta chanzo cha tofauti kati ya Muthaiga na Mathare, mahali ambapo unaweza kurusha jiwe kutoka upande mmoja likaangukia upande wa pili, msianzie kwenye tenda za juzi. Anzieni pale.

Lakini mwaka ninaouzungushia wino mwekundu ni 1971. Tume ya Duncan Ndegwa, iliyoundwa kuchunguza utumishi wa umma, ilisema hakuna pingamizi kwa mtumishi wa serikali kumiliki mali na kufanya biashara. Sikilizeni uzito wake. Anayetoa leseni ya duka sasa anaweza kuwa na duka. Anayegawa viwanja anaweza kuomba kiwanja. Anayepanga barabara ipite wapi anaweza kununua shamba pale itakapopita, kabla ya jirani yake kusikia habari. Refa aliruhusiwa kuvaa jezi, na mechi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mbunge J. M. Kariuki alisema hatutaki Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 1975 aliuawa.

Sasa nifike pale niliposema nitafika.

Mwaka 1993 nilikuwa kijana, nimeajiriwa na kampuni binafsi ya upimaji. Jina lake naliacha. Tulitumwa mtaa mmoja wa Eastlands. Kwenye ramani ya mji eneo lile lilikuwa limetengwa kwa zahanati na uwanja wa watoto. Ramani nilikuwa nayo mkononi, nimeikunja ndani ya bomba lake. Mkubwa wangu alikuwa na barua ya ugawaji yenye majina matano ya kampuni ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Niliusimamisha mchezo wao kwa sababu goli moja, mawe mawili tu, lilikuwa limekaa juu ya mstari wangu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mnatujengea?" Nikamwambia ndiyo.

Tulizika vigingi kumi na viwili, chuma ndani ya saruji. Nililipwa mshahara wangu wa kawaida mwisho wa mwezi. Sikupokea chai ya mtu, si shilingi hata moja, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinifariji. Nilijiambia mimi sikula. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wizi mkubwa hautaki kila mtu ale. Unataka mpimaji apime, karani agonge muhuri, wakili aandike mkataba, benki ipokee hatimiliki kama dhamana, kila mmoja afanye kazi yake ndogo vizuri na asiulize swali. Askari wa barabarani anayepokea shilingi 50 tunamwona kila siku, tunamtukana. Mimi niliyezika vigingi nilikuwa nikiitwa mtaalamu, nikipewa kiti cha mbele harusini.

Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, iliionyesha njia nzima. Ardhi ya umma hutolewa kwa barua kwa mtu mwenye uhusiano na wakubwa. Hana haja ya kujenga. Anaiuza. Na mara nyingi mnunuzi alikuwa nani? Shirika la umma, lililosukumwa kutoka juu linunue kwa bei iliyopandishwa. Rudieni maneno hayo mkiwa nyumbani. Ardhi yenu ilichukuliwa bure, kisha mkauziwa nyinyi wenyewe, kwa pesa za akiba ya uzeeni mnayokatwa kwenye mshahara.

Je, huo ni ubepari? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kijana aliuita hivyo. Katika ubepari wa vitabuni mtu huweka mtaji wake, huhatarisha, hupata au hupoteza. Yule mwenye barua ya ugawaji alihatarisha nini?

Nitawapa mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ilipewa peke yake ruhusa ya kuuza nje dhahabu na almasi za Kenya, na Hazina ikakubali kuilipa fidia ya asilimia 35 kwa kila mauzo. Almasi Kenya haichimbi. Dhahabu ilikuwa kidogo. Lakini makaratasi ya mauzo yalijaa, na fidia ikalipwa mabilioni, na shilingi ikaporomoka, na bei ya unga ikapanda katika nyumba za watu ambao hawajawahi kuishika dhahabu maishani mwao. Dhahabu hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa.

Sasa twende mbali kidogo, Uzbekistan, wakati wa Muungano wa Kisovieti. Huko mali ya binafsi ya viwanda na mashamba ilikuwa imefutwa kisheria. Moscow ilitaka pamba, kila mwaka zaidi ya mwaka uliotangulia. Wakubwa wa Uzbekistan wakaandika ripoti za pamba ambayo haikuota. Moscow ikailipia. Pamba ile ilisafiri kwenye makaratasi, kutoka shambani hadi kiwandani, na kila muhuri ukiwa mahali pake, mpaka wachunguzi walipoanza kuifuatilia katika miaka ya 1980. Pamba hewa.

Kwa nini ninaziweka pamoja? Huku tulikuwa na soko, kule walikuwa na mpango wa dola. Huku picha ya rais ukutani, kule picha ya Lenin. Lakini wizi ni ule ule mpaka kwenye kituo na mkato: anayethibitisha kwamba bidhaa ipo ni mwenzake yule anayelipwa kwa sababu ipo. Mgawaji na mpokeaji wamekaa meza moja, na mwananchi hana kiti wala dirisha la kuchungulia. Mfumo wowote unaowaacha wawili hao wakae pamoja gizani utazaa matajiri wasioeleza utajiri wao. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote ninayosema ni ya kulieleza.

Ndipo Urusi ilipouacha ukomunisti. Watu wengi walidhani sasa soko litasafisha. Mwaka 1995 serikali, ikiwa haina pesa, ilitoa hisa za makampuni makubwa kama dhamana ya mikopo kutoka kwa mabenki. Asilimia 38 ya Norilsk Nickel, mojawapo ya migodi mikubwa ya nikeli duniani, ilitolewa kwa dola milioni 170. Benki iliyosimamia mnada ndiyo iliyoshinda mnada. Aliyetaka kulipa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo alikataliwa mlangoni. Mwenye mali alibadilika, kutoka dola hadi mtu binafsi. Meza haikubadilika.

Jirani zetu wa Tanzania waliligusa jambo hili kuliko mtu yeyote katika Afrika Mashariki, na ninasema hivyo kwa heshima. Azimio la Arusha la Februari 1967 tunalikumbuka kwa kutaifisha mabenki. Mimi nalikumbuka kwa masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Yamewekwa kwa Kiswahili kilichonyooka, lugha ambayo mkulima wa Sumbawanga aliielewa bila mkalimani. Tofauti ya miaka minne tu: Arusha ilimwambia kiongozi achague, ofisi au biashara, Nairobi ikamwambia chukua vyote viwili.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana kuna vijana hapa wanaotamani yarudi yale yale. Ukimkataza kiongozi kuwa na duka, kisha ukafanya maduka yote yawe chini ya vibali vya viongozi, umemnyima duka moja ukampa yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kula viliadimika Tanzania. Kulikuwa na vita vya kumng'oa Idi Amin, kulikuwa na bei ya mafuta ya petroli, sikatai. Ila bidhaa ilipoadimika, aliyekuwa na ufunguo wa ghala akawa tajiri bila kuwa na hisa hata moja. Mlango wa nyuma ukawa na foleni yake. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na pamoja na wakubwa wakakamatwa pia watu wenye magunia mawili ya sukari. Na yale masharti ya uongozi yenyewe yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hayakudumu robo karne. Nahuzunika kila ninapoifikiria tarehe hiyo, kwa sababu kilichotupwa kilikuwa kile kilichofaa kubaki.

Mtaniuliza, je, kuna mahali wamefaulu? Wapo waliofaulu nusu. Singapore dola inamiliki sehemu kubwa ya ardhi, na karibu watu 80 katika kila 100 wanaishi katika nyumba zilizojengwa na shirika la umma, wakizinunua kwa muda wa miaka 99. Ukiangalia umiliki wa ardhi utadhani ni nchi ya kijamaa. Ukiangalia bandari na mabenki utadhani ni ubepari mtupu. Ofisi yao ya kupambana na ufisadi ilianzishwa na wakoloni mwaka 1952, na mwaka 1986 ilimchunguza waziri aliyekuwa madarakani, Teh Cheang Wan, aliyesimamia ujenzi wa taifa. Alijiua kabla ya kesi. Hakuna rafiki yake aliyepiga simu ikasikilizwa. Gharama yake ni uhuru finyu wa kusema. Mkutano kama huu wetu wangeuombea kibali. Mimi siko tayari kulipa bei hiyo. Lakini nataka mjue kwamba inawezekana ofisi ya uchunguzi kugonga mlango wa waziri.

Botswana nayo inanipa somo ambalo wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia. Ilipata uhuru 1966, almasi zikagunduliwa Orapa mwaka uliofuata, na pesa zake hazikuibwa kama zetu. Katika kipimo cha ufisadi cha Transparency International cha mwaka 2024, ambacho alama kubwa ni usafi zaidi, Botswana ilipata alama 57 kati ya 100. Sisi tulipata 32. Hata hivyo pengo kati ya tajiri na maskini Botswana ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Ng'ombe wengi wako mikononi mwa wachache, almasi huajiri watu wachache, na mtoto wa asiye na ng'ombe huanza bila ng'ombe. Kwa hiyo wanaosema "tukimaliza ufisadi tu, umaskini umekwisha," wanaahidi kisichokuwepo. Wizi ukikoma, bado itatubidi tuamue urithi unagawanywa vipi, kodi inatozwa nani, na mtu mmoja anaweza kumiliki ekari ngapi wakati jirani yake anazika wazazi kwenye ardhi ya kukodi. Katiba yetu, kifungu cha 68, iliagiza Bunge litunge sheria kuhusu kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu anaweza kushika. Mswada uliletwa mwaka 2015. Haukupita. Sihitaji kuwaeleza ni watu wa aina gani wangeguswa na kiwango cha juu.

Mama wa Gikomba, uko? Nakuona. Nimekuachia wewe sehemu hii.

Kibanda chako, mama, unakiita chako. Kisheria si chako. Huna karatasi. Unalipa ada ya kaunti kila siku kwa simu, na askari wa kanjo akija bado unatoa kitu kidogo. Soko lile limeungua mara nyingi mpaka hatuhesabu tena, na kila likiungua huna cha kuonyesha kwamba pale palikuwa pako. Benki haikukopeshi kwa sababu ya kibanda. Wakati huo huo, mwenye ploti ya zahanati ya Eastlands aliweka hatimiliki mezani na akapewa mkopo. Wote wawili tunasema mna mali ya binafsi. Neno ni moja, ila lako limejengwa kwa jasho na halitambuliwi, lake limejengwa kwa barua na linalindwa na polisi. Kwa hiyo sikubaliani na kijana kwamba mali ya binafsi ifutwe. Maskini wa mji huu wananyimwa mali ya binafsi kila siku, na ndiyo sababu tingatinga huwafikia wao kwanza. Mukuru kwa Njenga, Novemba 2021. Kandokando ya mito, Mei 2024, baada ya mafuriko, watu wakiwa bado wanaanika magodoro.

Na mpangaji wa Mukuru, ambaye hana hata hicho kibanda? Ardhi aliyolalia ina mwenye hati asiyemjua. Chumba kina mwenye mabati anayekuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20, na ukihesabu lita kwa lita, analipa kuliko mwenye nyumba ya Lavington anayefungua bomba. Umaskini Nairobi ni ghali. Tofauti ya mali si kwamba huyu ana kingi na yule ana kidogo tu; yule mwenye kidogo anatozwa zaidi kwa kila kitu.

Kuna njia ya tatu ambayo tumeanza kuionja. Wanubi wa Kibera waliishi pale tangu mwanzo wa karne iliyopita, wakapita chini ya wakoloni na chini ya marais wetu bila hati. Juni 2017 walipewa hatimiliki ya ekari 288 kwa jina la jamii nzima. Si ya mtu mmoja, si ya serikali. Ina matatizo yake, najua, jamii nayo ina wakubwa wake wa kukaa mezani. Lakini anayetaka kuiuza lazima awatazame usoni watu anaozikana nao.

Ninataka nini, basi? Nitasema matatu na sitayapamba.

Tamko la mali la mtumishi wa umma limekuwa likijazwa tangu sheria ya 2003, siku hizi kila baada ya miaka miwili, likafungiwa kabatini. Lifunguliwe. Kama waziri ana magorofa kumi Kilimani, mwalimu wa Kibwezi awe na uwezo wa kusoma orodha hiyo kwenye simu yake. Julai 2025 ilitiwa saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, miaka 54 baada ya Ndegwa. Nimefurahi. Nitafurahi zaidi mtu wa kwanza mwenye cheo kikubwa atakapotiwa hatiani kwayo.

Makampuni yanayopewa tenda yatajwe pamoja na wenyewe halisi, wale wanaokula faida. Sajili ya wamiliki halisi ipo tangu 2020. Iwekwe mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kuisoma. Zile kampuni tano kwenye barua ya mwaka 1993, kama majina ya watu nyuma yake yangebandikwa kwenye mlango wa chifu wa mtaa ule, wale watoto wangekuwa bado na uwanja.

La tatu ni hati zenyewe. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu, halafu kinasema wazi kwamba ulinzi huo hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya ardhi ya Nyali, Mombasa, ilitoa uamuzi ambao kila mmoja wenu anapaswa kuujua. Kiwanja cha umma kikigawanywa bila kufuata sheria, hatimiliki haikisafishi, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa pesa halali. Anayenunua lazima achimbe mpaka kwenye mzizi wa hati.

Mzizi wa hati, ndugu zangu, mara nyingi ni ramani.

Mwaka jana nilirudi kwenye ule mtaa wa Eastlands. Pana ukuta wa mawe na lango la chuma, na ndani magari ya kuuzwa. Mama mmoja anakaanga mandazi ukutani pale nje. Nilimuuliza zahanati iliyo karibu iko wapi, akanionyesha kwa mkono: uvuke barabara kuu, upande matatu. Nilitembea kando ya ukuta nikitafuta. Vigingi tisa bado vipo. Nilivigusa.

Ile ramani sikuirudisha ofisini. Nimeiweka miaka yote chini ya kitanda, ndani ya bomba lake, bila kujua naiwekea nini. Jumanne saa mbili asubuhi nitaipeleka ofisi za ardhi, pamoja na maelezo niliyoandika na kuapa mbele ya wakili: nani alitutuma, siku gani, barua ilisema nini, na nani aliyezika vigingi. Jina langu liko juu. Yule kijana wa chuo kikuu amekubali kuandamana nami, na mama wa Gikomba amesema atafungua kibanda saa sita siku hiyo. Anayetaka kuja, tukutane hapa kwenye lango la bustani saa moja na nusu.